Yai la kasa halipinduliwi kama la kuku

KUKU anapoatamia huyageuza mayai yake mara kwa mara, na mwenye mashine ya kuangulia hufanya vivyo hivyo. Atakayeokota mayai ya kasa katika ufuo wa Kuruwitu, Kilifi, akadhani atayaangua nyumbani kwa kanuni hiyo, atayaharibu yote.

Kasa hufukia mayai 100 hivi mchangani usiku, kisha hurejea baharini asirudi kuyatazama. Saa chache baadaye kiinitete hujibandika upande wa juu wa yai. Likipinduliwa baada ya hapo, kiinitete hufa, ingawa kwa nje yai halionyeshi dosari yoyote. Ndiyo sababu kiota kitakachofikiwa na maji ya bamvu huhamishwa mapema, usiku uo huo ikiwezekana, kila yai likichukuliwa jinsi lilivyolala na kufukiwa kwa kina kile kile.

Joto nalo lina kazi ya ajabu. Mchanga wa nyuzi 29 hivi za sentigredi hutoa majike na madume kwa idadi inayokaribiana. Joto likizidi, karibu wote huwa majike. Anayekata miti ya kivuli ufuoni anaamua jinsia ya kasa, kazi ambayo hakuna aliyempa.

Watoto hutoka baada ya takriban siku 60. Wavuvi wa Kuruwitu walitenga hekta 30 za bahari mwaka 2005, na chama chao kikapata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Ukiona kiota, usikifukue. Wapashe habari wao au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kabla kiinitete hakijajibandika.