Gramafoni ya Babu: Je, Vyombo Vyake Ni Vile Vile?

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu ya leo: SI-NDA-NO, U-LA-NGA, KA-MA-NI.

Katika nyumba chache za kwetu bado liko sanduku jeusi lenye mpini wa chuma ubavuni. Hiyo ni gramafoni. Wazee wengine huiita santuri, lakini leo santuri litakuwa jina la ile sahani nyeusi inayopigwa juu yake.

Babu yangu aliipata ya kwake kwa fahali mmoja. Alipofariki ilikuja kwangu, nami, pamoja na diploma yangu, niliipeleka kwa fundi kwa kuwa ilikwaruza. Ilirudi ikilia vizuri, nikamshukuru. Baada ya miaka alikuja mnunuzi wa vitu vya kale. Aliitazama kidogo tu, akasema, "Kichwa si chake." Akakata bei nusu. Sikuwa na la kujibu, maana sikuwahi kuisoma namba iliyokuwa juu ya kichwa cha kwanza.

Basi tuanze na kichwa hicho. Ni kisanduku kidogo cha duara kinachoshika sindano. Ndani yake mna utando mwembamba. Sindano ikipita katika mfereji wa santuri hutikisika, na mtikisiko huo hufika kwenye utando. Mnaolijua litungu mtafahamu upesi: nyuzi peke yake hazisikiki mbali, ila ngozi iliyowambwa huikuza sauti. Kutoka kwenye utando, sauti hupita ndani ya mkono wa chuma, ulio mtupu kama bomba, mpaka kwenye pembe. Hakuna umeme hata kidogo. Na katika gramafoni za kubeba mkononi msiitafute pembe nje. Imefichwa ndani ya sanduku.

Kampuni ya Uingereza yenye alama ya mbwa, His Master's Voice, ndiyo iliyorekodi sauti ya Siti binti Saad wa Unguja huko Bombay mwaka 1928. Siku zile iliuza gramafoni ya kubeba namba 101. Kichwa chake kwa kawaida ni namba 4, na utando wake ni wa ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi na kupitisha mwanga. Mwaka 1931 ikaja namba 102. Hiyo mara nyingi ina kichwa 5A au 5B, na utando wa alumini. Namba imeandikwa juu ya kichwa chenyewe. Tazama na skrubu pia: za zamani zile zina mfereji mmoja kichwani. Ukiona zenye alama ya msalaba, jua kwamba mkono mwingine umepita hapo.

Kuna na udanganyifu mwingine. Watalii huuziwa gramafoni yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa, wakaambiwa ni ya kale. Nyingi zimeundwa juzijuzi India, na mara nyingi mashine iliyo ndani imeng'olewa katika gramafoni halisi ya kubeba. Yaani kitu cha kweli kimevunjwa ili kutengeneza cha uongo! Mimi jambo hilo hunichukiza kuliko bei.

Sasa kamani. Ni utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya mkebe. Ukizungusha mpini, unaukaza, nao ukifunguka polepole huzungusha santuri mara 78 kwa dakika. Msifungue mkebe huo nyumbani. Kamani ikiruka hukata vidole. Sindano ya chuma nayo hutupwa baada ya kupiga upande mmoja wa santuri. Ikirudiwa, hukwangua mfereji, na sauti iliyokwanguliwa hairudi.

Kazi ya wiki hii: mwenye gramafoni aifungue mchana penye mwanga, asiifute rangi wala kuisugua. Asome namba ya kichwa, ahesabu skrubu zake, aandike yote katika daftari pamoja na tarehe. Afanye hivyo kabla ya kwenda kwa fundi. Asiye nayo aandike sentensi tatu kwa maneno yale ya ubaoni.