Mtindo, Aina na Mbina: Haja ya Majina ya Muziki

Katika kalenda ya zamani ya Waswahili, mwongo ulikuwa siku kumi. Leo twalitumia neno hilo kwa miaka kumi pia, wala hakuna anayelalamika. Katika makala haya tunautazama mwongo mmoja, yaani 1994 hadi 2004, ambao muziki wa Tanzania uligeuka upesi kuliko msamiati wake. Kisha tutauliza ni majina gani yanayoufaa muziki unaosikika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita.

Yafaa kuanza na neno mtindo. Katika enzi ya bendi za dansi, mtindo ulikuwa jina la mdundo na uchezaji ulioitambulisha bendi moja. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na kupewa jina la Jimbo la Magharibi, ilijulikana kwa Saboso. Tabora Jazz ilijulikana kwa Segere Matata. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilichagua Sikinde, jina lililotwaliwa kutoka ngoma ya Wazaramo. Bendi zote hizo zilipiga muziki wa dansi. Hivyo basi, mtindo ulikuwa mali ya bendi, na dansi ilikuwa aina ya muziki iliyomilikiwa na wote. Wasikilizaji walizijua tofauti hizo bila kufundishwa na mtu.

Tofauti hiyo ilianza kufifia katika miaka ya 1990. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza kutangaza. Vijana walikuwa wamekwisha anza kughani kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani: Saleh Jabir alitoa kanda yake mwaka 1991, na Kwanza Unit iliundwa mwaka 1993. Wasemaji waliuita muziki huo kufokafoka. Neno hilo lilieleweka, lakini lilibeba kejeli, kwa kuwa afokaye ni mwenye hasira au ni chungu kilichozidiwa na moto. Kughani, ambalo ni neno la washairi, lilikuwa na heshima zaidi.

Baadaye yalishindana majina mawili: Bongo Fleva na muziki wa kizazi kipya. La kwanza limeunganisha neno la mkopo na Bongo, jina la utani la Dar es Salaam na hatimaye la nchi nzima, lenye asili ya ubongo, kwa maana ya mahali pa kuishi kwa akili. La pili ni Kiswahili kitupu, lakini lina kasoro kubwa. Vijana wa mwaka 1996 leo ni wazazi, na huenda wengine ni mababu. Jina lililofungwa kwenye umri wa watu huzeeka pamoja nao. Hapana shaka ndiyo sababu Bongo Fleva limedumu zaidi midomoni mwa watu.

Sasa tugeukie Shinyanga na Geita. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001. Kabla ya hapo, na baada yake, wachimbaji wadogo kutoka makabila mengi walikutana machimboni, na Kiswahili kikawapa maneno ya kazi: duara kwa shimo, marudio kwa mabaki ya mchanga uliokwisha oshwa. Maneno hayo yalitoka mikononi mwa wafanyao kazi, yakakubalika. Kwa nini muziki usipate bahati hiyo?

Muziki wa wenyeji, yaani Wasukuma, una msamiati uliokomaa. Ngoma huitwa mbina. Baada ya mavuno, vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, hupambana uwanjani, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watazamaji wengi. Mtunzi anayeongoza uimbaji huitwa ningi. Watunzi wa leo wameingiza kinanda cha umeme na kurekodi nyimbo za Kisukuma ambazo husambaa kwa simu. Hata hivyo, madukani na redioni nyimbo hizo huwekwa katika fungu moja liitwalo nyimbo za asili.

Hapa pana jambo lenye uzito kuliko ufasaha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hutenga kazi ya mtunzi na sanaa-jadi ya jamii. Wimbo uliotungwa mwezi uliopita juu ya bei ya pamba una mwenyewe. Ukiitwa wa asili, msikilizaji hudhani umerithiwa kutoka kwa mababu, na mtunzi hana budi kuanza kwa kuthibitisha kuwa yupo. Jina lisilofaa laweza kumnyima mtu jasho lake.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Kwanza, aina litumike kwa fungu zima la muziki, kama dansi, taarab au Bongo Fleva, na mtindo libaki kwa alama ya bendi au ya msanii mmoja. Pili, ningi aitwe manju, neno la Kiswahili la siku nyingi kwa mtunzi na kiongozi wa nyimbo ngomani. Tatu, mbina lipokewe katika Kiswahili, kama Sikinde lilivyopokewa. Ngoma limekwisha lemewa: ni chombo, ni uchezaji, ni shughuli yenyewe, na kwa vijana ni wimbo wowote uliorekodiwa. Nne, muziki mpya wa Wasukuma uitwe mbina ya kinanda. Tumeliepuka neno kisasa kwa sababu ile ile iliyokishinda kizazi kipya.

Twawaomba wasomaji, hasa walio Kahama, Kishapu na Geita, watuletee majina wanayoyasikia viwanjani na machimboni. Pengine manju mmoja huko amekwisha ubuni jina zuri kuliko letu, na likiwa hivyo, tutafurahi kuliacha la kwetu.