Neno "Sonona" na Maradhi Mawili

Sonona asili yake ni kitenzi cha maumivu: jino husonona, na moyo nao husonona. Siku hizi madaktari wamelifanya kuwa jina la maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka. Jina ni zuri, ila lafunika maradhi mawili, na anayeumia kwa kuchanganywa kwake ni mgonjwa.

Tuchukue mfano wa wanawake wawili, muuza samaki wa Temeke na mshonaji wa Kinondoni. Wote wawili hawatoki ndani, chakula hakiwapiti kooni, wanajiona si kitu. Wa kwanza hajapata ila kushuka. Wa pili, miaka miwili nyuma, alikaa siku kumi akilala saa mbili tu wala hachoki, akinena bila kituo, akakopa fedha na kununua vyerehani vinne ambavyo hakuwa na kazi navyo. Maradhi yake leo huitwa baipola. Mwaka 1899 Kraepelin wa Ujerumani aliyaweka kundi moja na huzuni zenye kurudi-rudi. Leonhard akayatenga mwaka 1957.

Kwa kuwatazama tu hutawapambanua. Ni kweli kwamba baipola aghalabu huanza ujanani, na mgonjwa wake hupenda kulala kupita kiasi. Lakini dalili hizo hazitoshi. Lililo muhimu ni habari za nyuma.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Dodoso la Hopkins lenye maswali 25, ambalo Kaaya na wenzake walilipima kwa Kiswahili Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2002, lauliza habari za wasiwasi na huzuni za siku chache zilizopita. Swali la kupanda halimo, wala halikukusudiwa kuwamo. Mgonjwa naye hatalisema mwenyewe, kwani kwetu kumwambia mtu kuwa amechangamka ni kumsifu. Na akiulizwa kama amepata kushikwa na wazimu, atakana. Yafaa aulizwe matendo: "Je, zilipata kupita siku ambazo ulilala kidogo sana na hukuchoka?" Tena aulizwe na dada yake, maana yeye ndiye aliyeviona vyerehani vikishushwa.

Muuza samaki atapewa dawa ya sonona. Mshonaji akipewa hiyo peke yake aweza kupandishwa tena. Yeye huhitaji dawa ya kutuliza hisia, kama lithiamu, ambayo Cade wa Australia aliitangaza mwaka 1949. Nayo hutaka damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa kiasi kiponyacho na kiasi kidhurucho vimekaribiana mno.