Simu Haimwoni Anayejifunza

Alasiri moja, watu wakitoka msikitini, niliitwa mbio nyumbani kwa dada yangu katika Mji wa Kale, Mombasa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka uwani, hawezi kugeuka wala kuketi. Kando yake palikuwa na bomba la chuma lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji. Juu ya ndoo iliegemezwa simu, nayo ingali ikimwonyesha bwana mmoja wa ng'ambo, kifua kama mlango, akiinua chuma na kutua, akiinua na kutua.

"Mjomba, wallahi nimefanya vile vile afanyavyo," akaniambia huku akiuma meno.

Basi hapo ndipo penye kisa. Kijana aliamini kuwa amefanya vile vile, na nani pale uwani angemwambia kuwa sivyo?

Sisi tuliopitia chuoni twakumbuka. Mwalimu husoma, nawe ukasikia. Kisha husoma wewe, naye akakusikiliza. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyotutoa jasho. Twaliogopa bakora, ni kweli, lakini kosa la herufi halikulala nasi hata usiku mmoja. Video yaonyesha, haioni.

Tena na huko kuonyesha kwenyewe kumekatwa vipande. Video hizi fupi, zilizozagaa mno tangu mwaka 2020, nyingi hazitimizi dakika moja. Mtazamaji huona chuma kikipanda, wala haoni miezi ambayo mwenyewe alianza na uzani mdogo. Haambiwi kuwa chuma kiinuliwacho kutoka chini sharti kipande karibu kabisa na miguu. Kikisogea mbele shubiri moja tu, mzigo wa kiuno huzidi sana. Jaribu kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa utajua. Makopo ya mpwa wangu yalikuwa mbele huko, na mgongo wake umepinda kama upinde.

Yeye alikuta ni misuli tu, tabibu akamwambia atembee polepole asilale kutwa. Liko baya zaidi. Mtu asiyezoea akijishindilia mamia ya mikunjo siku ya kwanza, misuli yaweza kuvunjika na kumwaga sumu damuni, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Huyo asingoje kukuche, aende hospitali, maana figo zimo hatarini.

Sisemi mazoezi yaachwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Nasi wa barazani, kahawa mkononi, hatuzifikii.

Juzi nilipita tena kwa dada. Kijana alikuwa uwani, ameshika mpini wa ufagio, akiinama na kuinuka. Ubavuni pake amesimama jirani mmoja, mzee aliyenyanyua vyuma ujanani mwake.

"Rudi," akamwambia. "Mgongo umelegea."

Akarudi.