Kuitafuta Mandhari Iliyopotea

Ninyi mlioko Getanuwas, sogeeni karibu na redio. Mwalimu aandike ubaoni neno la leo: MANDHARI. Lisomeni pamoja: ma-ndha-ri. Maana yake ni sura ya nchi kama macho yanavyoiona: milima, maziwa, mashamba na njia.

Upo mchezo wa kompyuta ambao mtu hurusha ndege bila kuondoka kitini. Unaojulikana sana ni Microsoft Flight Simulator. Katika matoleo yake ya zamani, kama lile lililotoka mwaka 2003, sehemu nyingi za Afrika zilichorwa kwa vipimo vichache. Mlima mkali ulionekana kama kichuguu. Kwa hiyo wapenzi wa mchezo walitengeneza mandhari iliyo bora, wakawapa wenzao bure. Wengine walitumia vipimo vilivyochukuliwa Februari 2000, wakati chombo cha angani Endeavour kilipopima urefu wa nchi kwa siku 11. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, umo katika vipimo hivyo.

Kazi hizo ziliwekwa katika mafaili, na mafaili yakawekwa katika maktaba za intaneti. Maktaba moja kubwa iliitwa AVSIM. Ilikuwa na kompyuta mbili za kuhifadhi, na kila moja ilitunza nakala ya mwenzake. Mei 2009 mharibifu aliingia kwa siri akaziharibu zote mbili. Baadaye maktaba ilifunguliwa tena, lakini fundisho limebaki: maghala mawili yenye mlango mmoja ni ghala moja.

Je, faili lililopotea hutafutwaje? Hutafutwa kama ng'ombe aliyepotea. Huulizi tu, “Mmemwona ng'ombe?” Unataja rangi yake na alama yake.

Kwanza, tafuta alama ya kiwanja cha ndege. Kila kiwanja kikubwa kina herufi nne. Vya Tanzania huanza na HT. Kiwanja cha Ziwa Manyara ni HTLM. Cha Kilimanjaro ni HTKJ. Cha Dodoma ni HTDO. Watengenezaji wengi walizitia herufi hizo katika jina la faili.

Pili, tafuta jina kamili la faili na jina la aliyelitengeneza. Shirika la Internet Archive la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa za zamani. Mara nyingi ukurasa umebaki lakini faili halimo. Usikate tamaa. Andika jina lile, kisha ulitafute kwingine.

Tatu, waulize waliocheza zamani. Huenda faili limo katika sahani ya kompyuta iliyosahauliwa kabatini.

Ukilipata, soma kwanza barua iliyofungwa pamoja nalo. Humo mwenyewe hueleza faili ni la toleo gani, na kama anaruhusu wengine waligawe. Kutii barua hiyo ni adabu.

Labda mmoja wenu atasema, “Huu ni mchezo tu, una faida gani kwetu?” Ndugu yangu, tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, watu wengi wakafa. Vipimo vya mwaka 2000 vinauonyesha mlima kabla ya siku ile. Nchi hubadilika. Anayetunza sura yake ya zamani anawatunzia wajukuu kumbukumbu.

Basi kitu cha thamani, kama picha ya wazee au daftari la kijiji, kiwe na nakala katika nyumba mbili zilizo mbalimbali. Juu ya kila nakala andikeni jina, mahali na mwaka. Kazi hiyo mnaiweza tangu leo, kwa maana mmejua kuandika.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini nakala mbili za AVSIM hazikutosha?
2. Herufi HTLM ni za kiwanja gani?
3. Ni kitu gani kijijini kwenu kinahitaji nakala?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.