UFAHAMU: Makao ya Wanyama Waliotupwa

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Katika miji yetu, mbwa koko wakichakura majaani na paka waliozalia chini ya vibanda vya sokoni ni jambo la kawaida. Si wote waliozaliwa mitaani. Wengine walikuwa na wenyewe. Labda familia ilihamia nyumba isiyoruhusu wanyama, au kilebu aliyependwa na watoto alikua, gharama ya chakula ikapanda, akafukuzwa. Ili kuwanusuru viumbe kama hawa, jamii huanzisha makao ya wanyama. Mfano ni makao ya KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama nchini Kenya, yaliyoko Karen jijini Nairobi.

Mnyama anapopokewa katika makao ya aina hii, kwanza hutengwa na wenzake kwa siku kadhaa, kwa kuwa baadhi ya maradhi ya vilebu huenea upesi na kuua. Daktari wa mifugo humkagua, humpa dawa ya minyoo na kumchanja. Ikiwa alipotea tu, mwenyewe hutafutwa. Asipopatikana, mnyama hutafutiwa nyumba mpya.

Anayetaka kumchukua huulizwa maswali. Je, ana ua uliozungushwa? Mwenye nyumba ameridhia? Akisafiri, nani atamlisha mnyama? Maswali haya hayaulizwi kwa nia ya kumsumbua. Mbwa huweza kuishi miaka kumi na zaidi, na huruma ya siku moja haitoshi kumlea muda huo wote.

Hata hivyo, makao pekee hayawezi kumaliza tatizo. Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na jike mmoja huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, vilebu kadhaa kila mara. Wanaoingia huwazidi wanaopata nyumba. Nafasi ikiisha, wasimamizi hulazimika kumkataa mnyama mpya, kuwasonga waliomo hadi waambukizane maradhi, au kuwadunga sindano ya kifo wasio na tumaini la kupona. Ndiyo maana madume huhasiwa na majike hufungwa kizazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Binadamu pia hufaidika na kazi hii. Takriban asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa watu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuwategea mbwa koko sumu. Hilo halifai, kwani mbwa wengine wasiochanjwa huja kuchukua nafasi ya waliokufa. Kinachofaa ni chanjo: asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini papo hapo.

Basi kabla ya kuleta kilebu nyumbani, hesabu chakula, chanjo na miaka iliyo mbele. Asiyeweza kuyamudu hayo ni heri asifuge, kuliko kufuga kisha akatupa.

Maswali
1. Taja sababu mbili zinazowafanya wanyama waliokuwa na wenyewe kuishia mitaani. (alama 2)
2. Eleza hatua tatu anazopitishwa mnyama baada ya kupokewa makaoni. (alama 3)
3. Kwa nini anayetaka kumchukua mnyama huulizwa maswali? (alama 2)
4. “Makao pekee hayawezi kumaliza tatizo.” Thibitisha kwa hoja tatu. (alama 3)
5. Kwa nini kuwategea mbwa koko sumu hakuzuii kichaa cha mbwa? (alama 2)
6. Eleza maana ya maneno na methali hii kama ilivyotumika katika kifungu: (alama 3)
   (i) majaani
   (ii) kilebu
   (iii) Usipoziba ufa utajenga ukuta