Kwa nini Wahindu huweka maua mbele ya miungu yao

WAKAZI wengi wa Karagita, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, huamka kabla ya jua kuchomoza ili kwenda kukata maua ya waridi mashambani. Maua hayo hufungwa, hupozwa na kusafirishwa hadi ng'ambo, ambako hununuliwa na wapendanao, maarusi na waombolezaji.

Lakini ua lililowekwa asubuhi mbele ya picha ya mungu, juu ya rafu katika nyumba au duka la Mhindu, lina kazi nyingine. Halikuwekwa liwe pambo. Ni sadaka. Kwa desturi aliyelitoa alioga kwanza, akaliweka kabla ya kuonja chakula, wala hakulinusa, kwa kuwa harufu yake ni haki ya yule anayepewa.

Kando ya ua hilo huwapo taa ndogo na vijiti vya ubani vinavyofuka moshi. Jirani asiye wa dini hiyo huviona vitu hivyo bila ya kuelezwa maana yake, na pengo hilo hujazwa na uvumi: kwamba Wahindu huabudu mawe, au kwamba mali yao huletwa na nyoka anayefugwa ndani. Katika eneo ambalo mwajiri, msimamizi na kibarua huenda kila mmoja akawa na dini yake, uvumi wa aina hiyo unaweza kuharibu ujirani na hata kazi.

Mhindi na Mhindu

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si kila Mhindi ni Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Makalasinga, ambao hekalu lao la Makindu kwenye barabara ya Mombasa husifika kwa kuwapa wasafiri chakula bila malipo, ni wafuasi wa dini ya Sikh na hawaabudu sanamu. Waismailia na Mabohora ni Waislamu. Wagoa wengi ni Wakatoliki, nao Wajaini wana dini yao.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wahindu nchini Kenya walikuwa 60,287 kati ya watu zaidi ya milioni 47. Ingawa idadi yao ni ndogo, historia yao katika Afrika Mashariki ni ndefu. Huko pwani, wafanyabiashara wa Kihindu walioitwa Mabaniani walikuwapo kabla ya ukoloni. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, ya ukoo wa Kihindu kutoka Kutch, ilikusanya ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa niaba ya Sultani.

Kuelekea bara, njia ilifunguliwa na reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia mwaka 1896 hadi 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, watu wa dini mbalimbali. Wengi wao walirudi makwao mikataba ilipokwisha, lakini wenye maduka waliifuata reli hadi Naivasha na Nakuru. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, kampuni ya Karuturi ya mjini Bengaluru, India, ilinunua shamba la Sher, mojawapo ya mashamba makubwa ya waridi kando ya Ziwa Naivasha. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini.

Hata hivyo, ukaribu huo wa miaka mingi haukuleta ufahamu mwingi. Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inamsimulia jirani aliyehitajiwa kuliko alivyoeleweka.

Mmoja kwa sura nyingi

Uhindu hauna mwanzilishi mmoja wala kitabu kimoja kinachowafunga wafuasi wote. Kwa hivyo mafundisho hutofautiana. Hata hivyo, wengi wao huamini kwamba uhalisi wa juu kabisa, uitwao Brahman, ni mmoja, na kwamba akili ya mwanadamu haiwezi kuuzunguka. Miungu ni sura ambazo kwazo uhalisi huo humkaribia mwanadamu, naye akaweza kuzungumza nao.

Vishnu huuhifadhi ulimwengu, na husadikiwa kuwa alishuka duniani akiwa Rama na akiwa Krishna. Shiva huvunja ili kufanya upya. Devi, mungu wa kike aliye mama, huonekana kama Durga ashindaye uovu, Lakshmi mwenye neema na mali, au Saraswati mwenye elimu. Ganesha, mwenye kichwa cha ndovu, huondoa vikwazo. Ndiyo maana huombwa kabla ya wengine wakati wa harusi, safari au kufungua biashara.

Wafuasi wa Vishnu humwona yeye kuwa ndiye Mungu Mkuu, na wafuasi wa Shiva vivyo hivyo kwa wao. Familia moja huweza kuwa na mungu wake wa nyumbani bila ya kuwakana wa jirani. Ni kama mwanamke mmoja anavyoitwa mama na watoto wake, mwalimu na wanafunzi wake na dada na nduguze: majina ni mengi, mwenyewe ni yuleyule, na kila aitaye humfikia kwa uhusiano alio nao.

Lengo la kuabudu

Wahindu huabudu kwa sababu mbalimbali. Wapo wanaoomba mtoto, afya, kufaulu mtihani au wateja. Uhindu hauzilaumu haja hizo, kwani mali ya halali na raha zisizovuka mpaka ni miongoni mwa malengo manne ya maisha. Mengine mawili ni dharma, yaani wajibu na maisha ya haki, na moksha, ambayo ni kukombolewa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena.

Lakini walimu wengi wa dini huiweka ibada ya kuomba chini ya bhakti, ibada ya mapenzi isiyodai malipo. Katika Bhagavad Gita, Krishna anataja jani, ua, tunda na maji kuwa sadaka anazozipokea zikitolewa kwa mapenzi. Hivyo ni vitu ambavyo hata maskini hakosi, na kwa sababu hiyo thamani ya ibada haipimwi kwa bei ya kilicholetwa.

Neno jingine la msingi ni darshani, yaani kuona. Mwabudu huenda hekaluni kumwona mungu, na pia kuonwa naye. Kabla ya kuwekwa wakfu, sanamu huhesabiwa kuwa jiwe, mbao au shaba tu. Katika ibada ya kuiweka wakfu, makuhani huomba uhai wa mungu uingie ndani yake, na macho yake hufunguliwa kwa ibada maalumu. Baada ya hapo sanamu, iitwayo murti, huwa mahali ambapo mungu amekubali kukutana na watu.

Sikukuu ya Ganesha huliweka wazi jambo hilo. Sanamu ya udongo hukaribishwa, huabudiwa kwa siku kadhaa, kisha huagwa na kutumbukizwa majini ikayeyuka. Anayeamini kwamba udongo wenyewe ndio mungu asingethubutu kuuyeyusha.

Mapokezi ya mgeni

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Pengine hakuna maneno yanayoieleza puja, ibada ya kawaida ya Wahindu, kwa ufupi zaidi ya hayo. Mungu hupokewa kama mgeni mtukufu, na anayenufaika ni mwenyeji.

Puja kamili huwa na hatua 16, ingawa orodha hutofautiana kidogo. Mungu huitwa, hupewa kiti, kisha maji ya kuosha miguu, ya kunawa mikono na ya kusukutua kinywa. Huogeshwa, mara nyingine kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Huvishwa nguo na uzi mtakatifu, hupakwa liwa ya msandali, huvikwa koja la maua, hufukiziwa ubani na kuwashiwa taa ya samli. Hatimaye huandaliwa chakula na tambuu, huzungukwa kwa heshima, husujudiwa na kuagwa.

Nyumbani, ambako watu huwahi kazini, hatua hizo hupunguzwa na kubaki tano: liwa, maua, ubani, taa na chakula.

Maua nayo yana taratibu zake. Lakshmi hupewa yungiyungi, ambalo hutoka matopeni bila ya kuchafuka. Krishna na Vishnu hupewa majani ya tulasi, aina ya mrehani unaopandwa katika nyua za Wahindu wengi. Shiva hupewa majani ya mti wa bilva. Ganesha hupenda maua mekundu. Ua lililonyauka, lililoanguka chini au lililokwisha kutolewa halitolewi tena.

Kilele cha ibada ni arati. Taa huzungushwa mbele ya murti, kengele hulia na watu huimba. Kisha taa hupitishwa kwa waumini, nao huigusa joto lake kwa viganja na kuvipeleka usoni, ishara ya kupokea nuru iliyomwangaza mungu.

Katika mahekalu makubwa, miungu huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, na mapazia hufungwa mchana ili wapumzike. Utaratibu huo hufuatwa katika hekalu la Swaminarayan la jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1999 katika Barabara ya Forest, ambayo sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Mgeni wa dini yoyote hukaribishwa kutazama, mradi avue viatu na avae mavazi ya heshima.

Wakati wa Diwali, kati ya Oktoba na Novemba, taa huwashwa kila pembe na Lakshmi huabudiwa. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat huvileta vitabu vyao vipya vya hesabu vibarikiwe. Kwa hiyo hata daftari la duka huingizwa katika ibada, na mwenye duka hukumbushwa kwamba faida ina mwenyewe.

Wasiotumia sanamu

Si Wahindu wote wanaokubaliana na ibada hiyo. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Swami Dayananda Saraswati mjini Mumbai mwaka 1875, hukataa sanamu na kusisitiza mafundisho ya Veda. Wafuasi wake huabudu kwa havan: huwasha moto mtakatifu, wakatia humo samli, nafaka na miti yenye manukato huku wakisoma mantra. Jumuiya hiyo ilianzishwa Nairobi mwaka 1903. Mjadala kuhusu sanamu, ambao Wakristo na Waislamu huudhani kuwa wao ndio waliouleta, umekuwapo ndani ya Uhindu wenyewe kwa muda mrefu.

Chakula kilichobarikiwa

Baada ya puja, chakula alichoandaliwa mungu hurudi kwa watu kikiitwa prasadi. Kinaweza kuwa tunda, kipande cha nazi au kitamutamu cha maziwa na sukari. Hugawiwa kila aliyepo bila kuuliza cheo, kama watu wa pwani wanavyogawa tabaruku baada ya Maulidi. Hapo ndipo wengi wasio Wahindu hukutana na ibada hii ana kwa ana, pale tajiri wa duka au msimamizi wa kazi anapowapa wafanyakazi wake siku ya Diwali.

Kwa anayetoa, prasadi ni baraka inayogawanywa, wala si mtego wa kumbadilisha mtu dini. Kwa anayepewa, huenda imani yake ikamkataza kula kilichotolewa mbele ya sanamu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, inawalinda wote wawili: kila mtu ana haki ya kuabudu apendavyo, hakuna anayeweza kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake, wala hawezi kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake.

Anayepokea hupokea kwa mkono wa kulia, na asiyetaka anaweza kushukuru na kueleza kwamba dini yake haimruhusu. Mhindu, ambaye mara nyingi huwa na miiko yake ya nyama na siku zake za kufunga, ana kila sababu ya kulielewa jibu hilo. Linaloumiza ni kucheka, au kukitupa jalalani mbele ya macho yake chakula ambacho dakika chache zilizopita alikitenga kwa ajili ya mgeni wake mkubwa kuliko wote.